Pikapu ya zamani inakunywa mafuta: usikimbilie kabureta

Kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, husingiziwa mengi. Mwenye Hilux ya zamani akifika gereji na kusema "gari linakula mafuta", bisibisi hutangulia salamu. Boneti juu, skrubu ya kabureta robo mzunguko kushoto, robo kulia, injini inavuma vizuri, hela inatoka, kwaheri. Wiki ya pili yuko pale pale na lalamiko lile lile.

Nami nimepita huko. Pikapu yangu ina injini ya 22R, ile ya petroli ya silinda nne, cc 2,366, na kazi yake ni kushusha karoti, kabichi na hoho kutoka Lushoto, juu kwenye milima ya Usambara, kupitia Soni hadi Mombo chini, na siku nyingine kuendelea Korogwe na Tanga. Kwa muda mrefu nilikuwa nafungua boneti kwanza. Siku hizi boneti naifungua mwisho, kwa sababu wezi wa mafuta wengi niliowakamata walikuwa nje ya injini: kwenye magurudumu, kwenye tanki, kwenye daftari langu mwenyewe.

Nimepanga haya kwa dalili, kuanzia zile ambazo kuzichunguza hakukugharimu kitu.

"Mafuta ya elfu hamsini hayafiki yalikokuwa yanafika"

Hii si dalili ya gari, ni dalili ya namna tunavyonunua mafuta. Wengi wetu sheli tunasema "weka ya elfu hamsini", hatusemi "weka lita kumi na tano". Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inatangaza bei kikomo mpya, na bei ya Tanga mjini si ya Lushoto. Bei ikipanda, elfu hamsini yako inanunua lita chache, gari linaishia njiani, na wewe unakwenda kumlaumu fundi.

Kwa hiyo kwanza pata namba. Jaza tanki mpaka pampu ikate yenyewe, gari likiwa mahali tambarare. Andika kilomita. Endesha kazi zako za kawaida, angalau kilomita 200, kisha rudi sheli ile ile, ikiwezekana pampu ile ile, jaza tena mpaka ikate. Lita zilizoingia mara ya pili ndizo ulizotumia. Gawanya kilomita kwa lita. Fanya hivyo mara tatu kabla hujaamini, maana tanki moja linaweza kukudanganya: pampu imekata mapema, gari lilikuwa limeinama, siku hiyo ulibeba tani nzima.

22R nzima isiyo na mzigo mzito, kwenye lami, inatoa kilomita 8 hadi 9 kwa lita. Ukipanda mlima na mzigo, 6 si aibu. Ukiwa kwenye 8 na unatafuta 14 kwa sababu jirani ana gari dogo la cc 1,000, acha, unatafuta ugomvi na fizikia. Ukiwa kwenye 5 barabara ya tambarare, endelea kusoma.

"Mafuta yanaisha lakini kilomita hazisogei"

Hapa usiguse spana bado. Angalia tairi. Hilux nyingi za 22R zilitoka kiwandani na tairi za inchi 14, kama 195R14, yenye kipenyo cha milimita 666 hivi. Siku hizi wengi wamefunga rimu za inchi 15 na tairi kama 225/75R15, kipenyo chake karibu milimita 718. Tairi hiyo ikizunguka mara moja inakwenda mbele zaidi, lakini dashibodi haijui. Ukisoma kilomita 100, umetembea karibu 108. Gari linaonekana linakula, kumbe limefanya kazi ambayo haikuandikwa.

Pima kwa nguzo za kilomita za barabara kuu, au kwa GPS ya simu. Tembea kilomita 20 na ulinganishe. Ukipata tofauti, usibadilishe kitu, andika tu kwenye daftari kwamba kila ukipiga hesabu utazidisha kwa 1.08, au namba yoyote uliyoipata.

Tairi kubwa lina ubaya mwingine lakini. Ni zito, na linafanya gia zote ziwe ndefu, kwa hiyo mlimani unabaki gia ya pili pale ulipokuwa unapanda na ya tatu. Mtu wa shambani wa tambarare anaweza asione shida. Wa Usambara ataiona.

"Nikitoa mguu, gari linasimama kama limeshikwa"

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipookota mafuta mengi kuliko kwenye kabureta.

Tafuta kipande cha barabara tambarare kisicho na magari. Nenda kilomita 40 kwa saa, weka nyutro, uliache lijiendee. Gari zima linateleza mbali, unaweza hata kuchoka kulisubiri. Lililoshikwa linapunguza mwendo mapema kama kuna mtu analivuta kwa kamba.

Jaribio la pili: endesha kilomita 10 ukitumia breki kidogo iwezekanavyo, simama taratibu, shuka uyazunguke magurudumu yote manne. Usishike rimu moja kwa moja, utaungua. Sogeza kiganja karibu, au nyunyiza matone ya maji kwenye rimu. Yote manne yakiwa na uvuguvugu unaofanana, sawa. Moja likifanya "tsss", umepata mwizi wa kwanza.

Gurudumu la moto linaweza kuwa na sababu tatu au nne. Kwa mbele, pistoni za kalipa, kile kibanio cha pedi za breki, zimeshika kutu na hazirudi, pedi zinasugua siku nzima. Kwa nyuma, waya wa hendibreki umeganda ndani ya ganda lake, unaachia lever ndani ya kabini lakini huko chini hakuna kilichoachia. Hii ni kawaida sana kwa pikapu za mlimani kwa sababu tunapaki kwa hendibreki kila mahali, na kwenye matope. Beringi iliyokazwa kupita kiasi au iliyokauka grisi nayo inapasha gurudumu, ila hiyo utaisikia inanguruma.

Ya nne ndiyo inayowashinda wengi. Mpira wa breki wa zamani huvimba kwa ndani, tundu linabaki dogo. Ukikanyaga, nguvu ya mguu inasukuma mafuta ya breki yanapita. Ukiachia, hayana nguvu ya kurudi, yanabaki yamebana kalipa. Nje mpira unaonekana mzima kabisa. Kuugundua: piga jeki gurudumu lililoshika, jaribu kulizungusha kwa mkono, kisha fungua kidogo ile nati ya kutolea upepo. Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia papo hapo, usinunue kalipa, nunua mpira. Likibaki limeshika, ndipo shida iko kwenye kalipa yenyewe. Mimi nilikuwa nimeshanunua kalipa ya mtumba kabla ya kuambiwa hili.

Kama pikapu yako ni ya magurudumu manne kuvuta, iname uangalie zile habu za mbele za kuzungusha kwa mkono. Imeandikwa LOCK na FREE. Msimu wa mvua tunaziweka LOCK, kiangazi tunazisahau. Zikibaki LOCK, gari linazungusha difu ya mbele na shafti zake bure kwa miezi. Zirudishe FREE zote mbili, siyo moja.

Upepo wa tairi nao. Pima asubuhi kabla gari halijatembea, kwa geji, si kwa kupiga teke. Karatasi ya mlangoni inaeleza kiasi cha gari tupu na cha gari lenye mzigo. Wengi wetu tunapakia mzigo wa kiasi cha pili na kujaza upepo wa kiasi cha kwanza, au pungufu yake. Na tairi za mbele zikiisha upande mmoja, nenda ukafanye alaimenti, maana magurudumu yanayotazamana au kupishana yanajiburuza njia nzima.

"Mshale wa joto hauondoki chini"

Fungua rejeta ikiwa baridi, uliza aliyekuuzia gari, au fungua ile nyumba ya mpira wa juu ujionee: themostati, ile valvu inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate moto, ipo? Nina hakika kwa magari mengi ya umri huu haipo. Gari liliwahi kuchemka siku moja, fundi akaitoa, akasema "hii ni ya nchi za baridi", kuchemka kukapungua, stori ikaisha.

Haikuisha. Injini ya petroli imetengenezwa ifanye kazi maji yakiwa na nyuzi 80 na kitu. Bila themostati maji yanazunguka tangu dakika ya kwanza, na asubuhi ya Julai pale Lushoto, ukiteremka kilomita zaidi ya 30 hadi Mombo, injini inafika chini haijapata moto. Petroli baridi haigeuki mvuke vizuri, sehemu yake inabaki matone, inaosha oili kwenye kuta za silinda badala ya kuungua. Choki nayo, kile kisahani kinachobana hewa ya kabureta injini ikiwa baridi, kama ni ya kujiendesha yenyewe, inachelewa kufunguka. Unalipia vyote viwili.

Themostati ni bei ya kilo chache za nyama. Kabla ya kuifunga ijaribu nyumbani. Juu yake imechorwa nyuzi inapoanza kufunguka, kwa kawaida 82 au 88. Ifunge uzi, itumbukize kwenye sufuria ya maji baridi jikoni isiguse chini, weka kipimajoto, washa moto. Mwanzoni imefunga kimya. Maji yakianza kutoa vipovu vidogo pembeni utaona kile kisahani kinajinyanyua polepole na kuacha uwazi. Lushoto, kwenye mita kama 1,400 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, lakini bado yanatosha kukuonyesha kama inafunguka. Isiyofunguka sufuriani haitafunguka kwenye gari.

Na kama gari linachemka ukirudisha themostati, basi rejeta imeziba, feni haivuti au gasketi ina hitilafu. Tibu hicho. Kutoa themostati ni kuzima taa ya onyo.

"Ekzosi inatoa moshi mweusi, na nyuma kunanuka petroli"

Sasa tumefika kwenye boneti. Moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa. Wa bluu ni oili, hiyo ni habari ya ringi na sili za valvu. Mweupe mzito usioisha hata injini ikipata moto ni maji.

Chomoa plagi zote nne, uzipange mezani kwa mpangilio wa silinda. Ncha ya kahawia hafifu au kijivu ni injini yenye afya. Masizi makavu meusi kama ya sufuria ya kuni ni mafuta mengi. Nyeusi ya kulowa na kuteleza ni oili. Nyeupe kama chokaa ni mafuta kidogo mno au joto lililozidi, na hiyo ni hatari zaidi ya nyeusi. Zote nne zikiwa nyeusi, shida ni ya pamoja: hewa, choki, kabureta. Moja tu ikiwa nyeusi, shida ni ya silinda hiyo: plagi, waya wake, valvu yake.

Anza na chujio la hewa. Litoe, lielekeze kwenye jua. Mwanga usipopenya, litupe. Kulipiga kwenye tairi kunatoa vumbi la juu, la ndani linabaki. Barabara ya vumbi jekundu inaliua mapema kuliko kitabu kinavyosema.

Kisha choki. Kabla ya kuwasha asubuhi, fungua mfuniko wa chujio, tazama kile kisahani mdomoni mwa kabureta. Kanyaga mafuta mara moja, kinapaswa kujifunga. Washa. Injini ikipata moto kiwe kimesimama wima kabisa. Kikibaki nusu, kila lita inaingia bila hewa yake. Aina ya umeme ina waya mmoja unaopasha springi. Waya ukichomoka choki haifunguki inavyopaswa. Aina ya kuvuta kwa mkono mara nyingi mtu amesahau kurudisha kitufe, au waya umeganda katikati.

Halafu floti, kile kiboya kinachodhibiti kina cha petroli ndani ya kabureta. Kabureta ya Aisin inayokuja na 22R ina kidirisha kidogo cha kioo mbele, kina alama ya nukta. Injini ikiwa sailensi, yaani inawaka bila kukanyagwa mafuta, petroli isimame usawa wa nukta. Kidirisha kikijaa hadi juu, sindano ya floti imeisha au ina taka, na mafuta yanafurika ndani ya injini bila kuitwa. Sindano na kikalio chake huuzwa pamoja kwenye pakiti ya vipuri vya ukarabati, na hapo ndipo kufungua kabureta kuna maana.

Sasa ile skrubu. Ukitoka na neno moja tu humu, toka na hili: skrubu ya mchanganyiko inatawala sailensi. Ukishakanyaga mafuta ukaondoka, jeti kuu, vile vitundu vya kupitishia petroli, ndizo zinazotawala. Kwa hiyo kuigeuza kunaweza kufanya gari livume vizuri gereji, lakini barabarani, huko mafuta yanakoliwa, hakubadilishi kitu cha maana. Kama kuna jeti iliyopanuliwa kwa waya wa kusafishia, na mafundi wa mtaani wanapenda sana kupitisha waya, hakuna skrubu itakayorekebisha. Jeti husafishwa kwa upepo na dawa, haitobolewi.

Kuna jambo la watu wa milimani. Hewa ya Lushoto ni nyepesi kuliko ya Tanga kwa zaidi ya asilimia 10. Kabureta haina akili ya kulijua hilo, inaendelea kutoa petroli ya pwani kwa hewa ya mlimani. Gari lililotuniwa vizuri Tanga likipanda huku linakuwa na mafuta ya ziada, plagi zinaanza kushika weusi, nguvu inapungua. Si ubovu. Kama gari linaishi juu muda mwingi, sailensi itunie juu. Kama linashinda pwani, itunie pwani na ukubali kidogo cha mlimani. Kubadili jeti kuwa ndogo kwa ajili ya Lushoto kisha kulipeleka Tanga na mzigo ni kutafuta valvu za kuungua.

"Mlima wa Soni linapanda na gia ya pili"

Gari lisilo na nguvu linakula mafuta kwa sababu mguu wako unatafuta nguvu hiyo chini kabisa ya pedali. Kabureta hizi zina valvu ya ziada inayofunguka ukikanyaga hadi mwisho na kumwaga petroli zaidi. Kwa hiyo kila nguvu iliyopotea unailipia mara mbili.

Taimingi kwanza, yaani wakati ambao cheche ya plagi inapiga. Mara nyingi imesetiwa kwa sikio. Kwa sikio unapata injini inayowaka, hupati injini inayotumia mafuta vizuri. Tumia taa ya taimingi na namba ya kwenye kibandiko cha boneti au kitabu cha injini yako, maana 22R za nchi tofauti zina namba tofauti.

Baadaye chunguza kile kisahani cha vakyumu ubavuni mwa distribyuta. Hiki huwa kimekufa kwa miaka na hakuna anayejua, kwa sababu gari linawaka na kwenda kama kawaida. Kazi yake ni kuwahisha cheche unapokwenda mwendo wa wastani na mguu mwepesi, yaani mwendo ule ule wa kubana mafuta. Toa kifuniko cha distribyuta, chomoa mpira mwembamba upande wa kabureta, unyonye kwa mdomo. Uone bamba la ndani likizunguka kidogo. Ziba mpira kwa ulimi: bamba libaki pale pale. Likirudi lenyewe, ngozi ya ndani imepasuka. Mimi niliponyonya niliona upepo tu unapita, kama ninanyonya mrija wa soda iliyoisha. Kubadilisha kile kidude kulinipa karibu kilomita moja nzima kwa lita kwenye barabara ya Korogwe.

Tapeti za 22R, yaani ile nafasi ndogo juu ya valvu, hupimwa injini ikiwa ya moto: milimita 0.20 kwa valvu za kuingiza, 0.30 za kutolea. Zilizobana sana haziwezi kukalia vizuri, mgandamizo unavuja. Pima mgandamizo wa silinda zote. Moja ikiwa chini sana ya wenzake, hakuna tuni itakayosaidia mpaka ifunguliwe. Ukisikia mnyororo wa taimingi unagonga mbele ya injini asubuhi, usisubiri. Matoleo ya baadaye, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, yana miongozo ya plastiki, ikivunjika mnyororo unakula kava mpaka kwenye njia ya maji.

Klachi: mlimani, gia ya nne, kanyaga. Mvumo ukipanda na mwendo usipande, klachi inateleza, na wewe unanunua petroli ya kuchoma klachi. Ekzosi iliyobonyea kwa jiwe pia inakaba injini. Iname uitazame, dakika moja.

"Lina misi kidogo"

Plagi moja isipowaka, robo ya petroli yako inatoka ekzosi haijafanya kazi. Ukiwa sailensi, chomoa waya wa plagi mmoja mmoja kwa kitambaa kikavu au koleo yenye mpira. Injini ikidhoofika, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Isipobadilika, umeipata. Usiku fungua boneti gizani utazame nyaya: zilizochoka hutoa vicheche vya buluu pembeni.

"Kila kitu kimepimwa, gari zima"

Basi tukuangalie wewe.

Ile injini ikisimama sailensi huweza kula karibu lita moja kwa saa. Nimeona pikapu sokoni Soni zinanguruma saa nzima zikisubiri mzigo, na ukimuuliza dereva kwa nini hazimi, anakwambia stata mbovu, akizima watamsukuma. Tengeneza stata. Ni ukarabati wa mafuta huo, japo haufanani nao.

Kila ukipiga pedali "vuu-vuu", pampu ndogo ndani ya kabureta inarusha petroli mbichi. Zima injini, chungulia mdomoni mwa kabureta na usogeze lever kwa mkono uone mkojo wake. Hapo utaacha mwenyewe.

Mwendo wa 80 badala ya 100 unaonekana sheli, hasa kwa pikapu yenye mabomba marefu na turubai lisilofungwa vizuri, linalopigapiga kama tanga. Turubai lilaze, ulikaze kwa kamba.

Mteremkoni usiweke nyutro, na usizime injini. Najua wanaofanya hivyo kutoka Soni kushuka Mombo ili kubana mafuta. Ile barabara ina kona za kubana, breki zikipata moto zinaisha, na injini ikizima nyongeza ya nguvu ya breki inakwisha baada ya kukanyaga mara chache. Shuka na gia uliyopandia. Petroli inayotumika kwa gia bila kukanyaga ni kidogo sana.

Kuhusu sumaku za kufunga kwenye bomba la mafuta, vidonge vya tangini na vidude vya kuzungusha hewa: shirika la mazingira la Marekani, EPA, limeshapima vifaa zaidi ya 100 vya aina hiyo, na ni vichache mno vilivyoonyesha hata faida ndogo. Hela hiyo nunua chujio la hewa.

Wenye dizeli, 2L na 3L, magurudumu, tairi, hendibreki na themostati ni yale yale. Moshi mweusi kwenu ni nozeli na chujio la hewa, na pampu ipelekwe kwa mwenye mashine ya kuipimia.

"Robo ya kwanza ya tanki inaisha haraka"

Hii ilinisumbua kuliko zote. Nilikuwa nimeshatengeneza breki, nimerudisha themostati, kisahani cha vakyumu kipya. Daftari likasema hivi: nikijaza tanki hadi juu, napata 6.5. Nikiweka nusu tanki, napata 8. Gari moja, barabara moja, mzigo ule ule.

Nilifikia uamuzi wa haraka. Kijana aliyekuwa ananisaidia kuendesha ndiye alikuwa analala na gari kila likijazwa, na hadithi za madereva wanaonyonya mafuta usiku sote tunazijua. Nikamnyang'anya funguo ya kifuniko cha tanki. Namba haikubadilika. Nikaanza kushuku kwamba ana funguo nyingine.

Siku moja tunapanda kutoka Mombo, tanki limejaa, nikasikia harufu ya petroli upande wa nyuma pale tu kwenye kona za mwinuko. Tulipofika tambarare ikapotea. Fundi akashusha tanki. Juu yake, pale inapoingia geji, gasketi ilikuwa imekauka na kupasuka, na vumbi lililozunguka limelowa na kuwa kama ugali mweusi. Tanki likiwa nusu, mafuta hayafiki pale. Likijaa na gari likiinuka pua, yanamiminika nyuma, yanavuja juu ya tanki, yanakauka kwa upepo kabla ya kudondoka chini. Ndiyo maana chini ya gari hapakuwahi kuwa na doa.

Gasketi ilikatwa pale pale kwenye karatasi ya kuhimili mafuta. Tanki lililofuata likatoa 7.9.

Nilimwomba kijana radhi mbele ya fundi. Akanyamaza kidogo, akafuta mikono kwenye suruali, akasema, "Sawa mzee. Basi na ile funguo nipatie."